Uzi: Laptopu za kizazi cha 6 na 7 cha prosesa za Intel baada ya Windows 10: zimekufa kweli, au tunauziwa hofu?

#1 Kibatari (mleta mada)

Wakuu salaam. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 imekatiwa bomba la masasisho ya bure, na mtaani wimbo ni mmoja: "Chukua kizazi cha 8 kwenda juu, hizo nyingine zimekufa," kwa kuwa ndicho Windows 11 inachoanzia. Wakati huohuo EliteBook 840 G3, Latitude 7480 na ThinkPad T470 za mtumba wa Dubai zimejaa Kariakoo hadi zinapangwa kama matofali.

Hoja yangu: mashine hizo hazijafa. Maiti ni diski ya kuzunguka iliyomo ndani, na Windows ya kuchakachua iliyopigwa juu yake. Fungua Task Manager kwenye yoyote inayoitwa "nzito", nenda kwenye diski. Utakuta 100%, muda wa kujibu milisekunde 400 na kuendelea, huku data inayopita haifiki MB 2 kwa sekunde. Prosesa iko 15%, imekaa inasubiri. Anayebisha aje na vipimo. Maneno ya dukani ayaache dukani.

#2 WingaMstaafu

Nawahi siti ya mbele. Ila mkuu umechanganya wepesi na usalama. Laptopu inaweza ikawa nyepesi kama unyoya na bado mlango uko wazi. SSD (diski isiyozunguka) haizibi tundu.

Halafu bomba halijakatwa lote. Kuna mpango wa nyongeza unaoitwa ESU, unakupa masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Njia za kuingia ni tatu: unalipa dola 30, au unatoa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au unakubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft, hii ya tatu haina malipo. Lazima uwe toleo la 22H2 (andika winver uone). Leseni moja inatosha kompyuta hadi 10 za akaunti hiyohiyo. Kiungo cha kujiunga kinatokea pale pale kwenye ukurasa wa Windows Update.

#3 Bi Kerneli

Nyongeza kwa #2, maana watu wataenda kugonga mwamba: ESU hiyo ya watu binafsi ni ya Home na Pro na ndugu zake wachache. Enterprise haimo. Na mafundi wetu wakipiga Windows wanapenda kupiga Enterprise, kwa sababu ndiyo iliyokuwemo kwenye fleshi yao. Mashine za ofisi zilizounganishwa na domeni (mtandao unaosimamiwa na ofisi) nazo zina mpango wake, dola 61 kwa mwaka wa kwanza kwa kila kompyuta, na bei inazidishwa mara mbili kila mwaka hadi miaka mitatu.

#4 Mzee wa BIOS

Hapa kwa Bi Kerneli ndipo penye utamu. Laptopu nyingi za maofisini Ulaya na Marekani zilitoka kiwandani na leseni ya Windows Pro, na ufunguo wake umeandikwa ndani ya BIOS (programu ya bodi inayowasha mashine). Fundi anafuta, anapiga Enterprise, anaendesha activator (programu ya kuithibitisha Windows bila leseni). Yaani mtu ana nyumba yenye hati, anakwenda kupanga kwa wizi.

Hakiki hivi. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

wmic path softwarelicensingservice get OA3xOriginalProductKey

Ikirudisha herufi 25, leseni unayo. Piga Windows Pro safi kutoka kwenye tovuti ya Microsoft, unganisha intaneti, itajithibitisha yenyewe. Ikirudisha patupu, haina.

Halafu andika slmgr /xpr. Ukiona inakupa tarehe ya kuisha, hiyo ni uthibitisho wa mtindo wa KMS (ule wa maofisini), unaodumu siku 180 na kuhuishwa. Swali la kujiuliza: ni nani anayeuhuisha humo ndani? Activator huacha kazi iliyopangwa kwenye Task Scheduler, na mara nyingi huiambia Defender, kinga-virusi ya Windows, "folda hii usiiguse". Nenda Windows Security, sehemu ya vitu vilivyoachwa bila kukaguliwa. Ukikuta C: nzima imo kwenye orodha hiyo, usiulize tena kwa nini kompyuta inapumua kwa shida.

#5 Mpiga Soga

Mimi nimekuja kusoma tu, lakini #4 amefanya nikague. C: nzima imo. Tusalimiane vizuri, huenda tusionane tena 😂

#6 FundiLuthuli

Jameni mnazunguka mbuyu. Hapa Nairobi watu wanaweka Windows 11 kwa hizo mashine na zinatembea. Pakua ISO (faili la kusakinishia), fungua Rufus (programu ya kuliweka kwenye fleshi), chagua fleshi ya GB 8 kwenda juu, bonyeza START, itakuletea kisanduku cha kuondoa masharti ya TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (ukaguzi wakati wa kuwaka) na RAM. Tia alama, ngoja imalize, basi.

Kama unataka kupandisha bila kufuta faili, ingia regedit, HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\Setup\MoSetup, tengeneza DWORD inayoitwa AllowUpgradesWithUnsupportedTPMOrCPU, ipe 1, kisha endesha setup kutoka kwenye ISO. Hata Core 2 Duo inaingia.

#7 Bi Kerneli

@FundiLuthuli hapo kwenye Core 2 Duo umepitiliza kituo. Iliwezekana hadi toleo la 23H2 la Windows 11. Kuanzia 24H2 Windows inahitaji maelekezo ya SSE4.2 pamoja na POPCNT ndani ya prosesa, na Core 2 Duo haina. Huo si ukaguzi wa kuruka kwa Rufus. Mfumo hauwaki kabisa, kwa sababu prosesa haielewi inachoambiwa. Na 23H2 kwa Home na Pro iliisha tarehe 11 Novemba 2025. Umetoka kwenye kaburi moja umehamia la pili.

Kizazi cha 6 na 7 yanaingia, nakubali. Lakini sasisho kubwa la kila mwaka halitakuja lenyewe, itabidi urudie ISO kwa mkono kila mara. Kwa kompyuta moja sawa. Kwa maabara ya shule yenye 40, nani anafanya?

#8 FundiLuthuli

Sawa dada, kwa Core 2 Duo nimekubali kosa. Kwa maabara bado nabisha, lakini tuliache hapo.

#9 PwaniBaiti

Swali dogo kwa wakubwa. 840 G3 ukiandika tpm.msc inaonyesha 1.2. Watu wanasema ni chipu ya kizamani, haibadiliki. Kweli?

#10 Mzee wa BIOS

Si kweli kwa 840 G3. HP walitoa programu ya kubadilisha firimweya ya chipu hiyo kutoka 1.2 kwenda 2.0. Ila kabla hujagusa simamisha BitLocker (kufuli la diski la Windows), na hakikisha ufunguo wa kurejesha wa tarakimu 48 umeuandika pembeni kwenye karatasi. Ukisahau, chipu inasafishwa, diski inakuomba ufunguo, na hapo hakuna fundi wa kukusaidia, hata ukimpigia magoti.

Pia usijifurahishe: ukipata TPM 2.0, prosesa yake ya i5-6300U bado haimo kwenye orodha ya Windows 11. Sharti moja umelitimiza, la pili linakusubiri mlangoni.

#11 Kibatari

Ndiyo maana nasema hii ni biashara ya kuuza mashine mpya. TPM ipo, Secure Boot ipo, RAM ipo, unaambiwa prosesa ya 2015 haifai. Kwa hesabu gani?

#12 Bi Kerneli

Hesabu ipo, kama utaikubali ni juu yako. Windows 11 inategemea ulinzi unaoitwa memory integrity, unaotumia uwezo wa prosesa kutenga sehemu nyeti za kerneli (kiini cha mfumo). Prosesa zenye kipengele cha MBEC hufanya hivyo kwa wepesi. Zisizonacho, kama kizazi cha 6, huiga kwa programu, na mashine inalemewa. Microsoft wenyewe walisema mwaka 2021 kwamba kwenye majaribio, kompyuta zisizokidhi vigezo zilianguka kwa makosa ya kerneli 52% zaidi.

#13 Saa Sita Usiku

Naheshimu #12 lakini maelezo hayo yana mguu mmoja. MBEC ilianza kizazi cha 7. Mbona kizazi cha 7 kimekataliwa? Na upande wa AMD kipengele cha namna hiyo kilikuja na muundo wa prosesa wa Zen 2, lakini Ryzen 2000, ambazo ni Zen+, zimekubaliwa. Anayestahili kafungiwa nje, asiyestahili kapewa kiti. Kama sababu ni MBEC, mstari ungechorwa pengine.

Na chekeni na hili: kutoka kizazi cha 7, i7-7820HQ iliruhusiwa kwa baadhi ya mashine. Mojawapo ni Surface Studio 2, iliyokuwa dukani kwa Microsoft mwenyewe.

#14 WingaMstaafu

Mwenye shughuli hakosi sahani 😂

#15 Bi Kerneli

@Saa Sita Usiku hoja ya kizazi cha 7 sina jibu lake kamili. Nadhani driva zina sehemu yake, mtengenezaji akishaacha kutoa driva mpya za mashine fulani, Microsoft hataki lawama. Lakini hayo ni makadirio yangu, msiyanukuu.

#16 Tanga Raha

Mnajadili kerneli wakati mtaani hakuna anayesasisha. Windows Update inazimwa siku ya kwanza ili isile bando. Kwa mtu huyo Windows 10 "ilikufa" siku aliyoinunua. Tarehe 14 Oktoba kwake ilikuwa Jumanne tu.

Mkumbuke kirusi cha WannaCry cha 2017, kompyuta za XP zilivyoteketea kwa sababu hiyo hiyo ya mfumo kupitwa na muda.

#17 Mzee wa BIOS

Ya bando kweli tupu. Ya XP turekebishe. Walioambukizwa wengi walikuwa Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inahudumiwa hadi Januari 2020. Kiraka cha tundu lile, MS17-010, kilitoka tarehe 14 Machi 2017. Kirusi kikaanza kusambaa 12 Mei. Miezi miwili kiraka kipo mezani, watu hawajakivaa. XP nyingi zilikuwa zinaganda tu kwa skrini ya bluu hata kabla ya kusambaza. Kwa hiyo mfano wako unaunga mkono aya yako ya kwanza, si ya pili.

Kwa bando, msizime huduma. Wi-Fi ya simu iwekeeni alama ya "metered", itapunguza sana upakuaji wa nyuma ya pazia. Kwenye ofisi yenye kompyuta kadhaa, nenda Delivery Optimization, ruhusu kugawana kwa kompyuta za mtandao wa ndani pekee. Moja inapakua, nyingine zinachota kwake. Ukichagua ile ya pamoja na intaneti, utakuwa unawapakulia watu usiowajua kwa bando lako. Masasisho ya mwezi mmoja ni mamia ya MB, piga hesabu kwa mashine 6.

#18 Saa Sita Usiku

Na kwa wasiotaka ESU wala Windows 11, nyumba haijaungua usiku mmoja. Defender itaendelea kupewa orodha ya virusi hadi Oktoba 2028, na Edge kwenye 22H2 angalau hadi Oktoba 2028. Kivinjari ndicho mlango mkubwa. Kitakachobaki bila kiraka ni mfumo wenyewe: kerneli, mtandao, huduma ya printa. Funga kugawana faili, usitumie akaunti ya msimamizi kwa kazi za kila siku, utapunguza mengi. Sijasema utamaliza.

#19 Kibatari

Turudi kwenye diski sasa, ndipo nilipoanzia. SSD ya SATA inasoma karibu MB 500 kwa sekunde, diski ya kuzunguka ya laptopu karibu 100, tena ikiwa inasoma mfululizo. Kwenye vipande vidogo vidogo, ambavyo ndivyo Windows inavyosoma ikiwaka, diski ya kuzunguka inafanya kama operesheni 100 kwa sekunde, SSD maelfu kwa maelfu. Hakuna sasisho la kukupa tofauti hiyo.

T470 kabla ya kuifungua: ina betri mbili, moja iko ndani. Ingia BIOS, sehemu ya Config, Power, chagua "Disable Built-in Battery". Mashine inazima. Chomoa ya nje, legeza skrubu za chini, ndipo uguse diski. Wanaoruka hatua hii ndio wanaounguza bodi kwa bisibisi.

#20 WingaMstaafu

Ongeza onyo la SSD feki, maana zimejaa. Kasha la "TB 1" kwa bei ya kutupa, ukifungua ndani kuna kadi ya kumbukumbu imebandikwa kwa gundi na adapta ya USB. Windows inaonyesha TB 1 bila aibu. Pima kwa H2testw, ijaze diski yote kisha iisome tena. Feki inaandika vizuri hadi uwezo wake halisi, halafu inaanza kuandika juu ya faili zako za mwanzo kimyakimya. Kwa SSD ya mtumba tumia CrystalDiskInfo, tazama saa ilizowaka na asilimia ya afya. "Mpya" yenye saa 20,000 ni mpya kwako tu.

Na hiyo "kizazi cha 8 kwenda juu" ya mawinga nayo mkaikague. 840 G5 nyingi ni kizazi cha 8, lakini zipo zilizotoka na i5-7200U na i5-7300U. Kasha lilelile. Soma namba ya prosesa: i5-7300U ni cha 7, i5-8350U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10.

#21 PwaniBaiti

RAM je? GB 4 zinatosha?

#22 Saa Sita Usiku

Kwa Chrome yenye tabo sita, hapana. Lenga 8, na ikiwezekana vijiti viwili vinavyofanana ili njia zote mbili zifanye kazi, maana chipu ya picha iliyo ndani ya prosesa inategemea RAM hiyohiyo. 840 G3 inatumia DDR4, nafasi mbili. 840 G1 na G2 ni DDR3L ya volti 1.35, usinunue DDR4 kwa ajili yake, haiingii hata kwenye soketi.

Ila bei ya RAM imepaa. Viwanda vimeelekeza nguvu kwenye kumbukumbu za seva za akili mnemba, na Desemba 2025 Micron walitangaza kuachana na Crucial, chapa yao ya wateja wa kawaida.

#23 Mpiga Soga

Kwa hiyo roboti inaandika mashairi huko Marekani, mimi nakosa kijiti cha GB 4 hapa Mbagala. Sawa.

#24 Bi Kerneli

Nilikuwa nangoja mtu aseme Linux, naona mnaogopa. Linux Mint 22, toleo jepesi la Xfce, inahudumiwa hadi 2029 na GB 4 zinaitosha kwa kazi za ofisi. Usifute kwanza. Weka Ventoy (programu ya kuwashia ISO) kwenye fleshi, nakili ISO humo, washa kutoka kwenye fleshi, jaribu Wi-Fi, sauti, mwanga wa skrini, na kufunga kifuniko kisha kufungua. Kukiwa na chipu ya Broadcom Wi-Fi inaweza isionekane. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kugawana intaneti, fungua Driver Manager, itaileta.

#25 WingaMstaafu

Watu wa Linux ni kama shabiki wa timu iliyoshuka daraja: kila msimu anakuambia "mwaka huu ndio wetu". Mteja wa steshenari analeta CV ya Word, unaifungua, inahama kurasa. Nani analipia?

#26 Bi Kerneli

Kuhama kurasa ni fonti. Weka Carlito badala ya Calibri na Caladea badala ya Cambria, zina vipimo sawa vya herufi, mstari haukimbii. Kisichotibika ni faili za Excel zenye macro nzito, na programu za uhasibu za Windows. Hizo usijidanganye, baki Windows.

#27 FundiLuthuli

Na wale wa kuweka zote mbili mtakutana na hii: ukitoka Linux kuingia Windows, saa imerudi nyuma masaa matatu. Si betri ya CMOS, msinunue betri. Linux inaandika saa ya UTC kwenye bodi, Windows inaisoma kama saa ya hapa. Kwenye Linux andika timedatectl set-local-rtc 1, imeisha.

#28 Mpiga Soga

Saa ya kompyuta iko mbele masaa sita tangu izaliwe. Saa mbili asubuhi inaniambia nane, nimezoea.

#29 Tanga Raha

😂😂 Hapo Linux haina amri.

Sasa swali la kazi. Steshenari ina Canon LBP2900 na HP P1102. Nikihamia Mint zitachapa?

#30 Bi Kerneli

P1102 ndiyo. HPLIP (driva za HP kwa Linux) imo, lakini inataka kiongezi cha HP. Fungua terminal, andika hp-plugin, kubali masharti, chapa. Bila hicho itaonekana kwenye orodha na haitatoa karatasi.

LBP2900... hapo tuheshimiane. Driva ya CAPT, ya Canon, kwa Linux ipo, ya zamani, inataka maktaba za biti 32, na huduma yake ya ccpd hugoma ukichomoa waya. Kwa duka lenye foleni siishauri.

#31 Mzee wa BIOS

Kwa LBP2900 acha kompyuta moja ya Windows 10 pembeni, itoe kwenye intaneti kabisa, iwe na folda moja iliyogawanwa ndani ya mtandao wa duka. Kompyuta za Mint zinahifadhi kazi kama PDF kwenye folda hiyo, unachapa kutokea pale. Fleshi za wateja zichomekwe kwenye Mint, kamwe zisiguse ile ya printa.

#32 WingaMstaafu

Kurasa zote hizi, MBEC, Rufus, TPM, Ventoy, tumeishia kwenye Windows 10 isiyosasishwa inayolindwa na printa ya Canon.

#33 Kibatari

Lakini iwe na SSD.